Picha ya Marehemu Gloria

Kama kulikuwa na mtu Musoma nzima aliyejua kuwarudishia sura watu waliokufa, ni Gloria. Usicheke. Watu wengi wa huku hufariki bila kuacha picha moja ya maana. Mtu ameishi miaka sabini, amelima, amefuga, ameozesha, halafu siku anaondoka ndiyo watoto wanaanza kupekua simu. Wanampata amesimama nyuma kabisa kwenye harusi ya jirani, nusu ya uso imefunikwa na kofia ya mtu mwingine, mkononi ana sahani. Hiyo ndiyo inayoletwa studio. Hiyo ndiyo inatakiwa ikatwe abaki peke yake, akuzwe mpaka atoshe fremu ya kuwekwa mbele ya jeneza, na awe anawatazama waombolezaji kwa heshima kana kwamba alikaa kwenye kiti akapigwa.

Kazi hiyo Gloria alikuwa ameifanya miaka tisa katika studio ya Shamsia, Mtaa wa Mukendo. Mwenye studio na mwenye kamera alikuwa Shamsia, mama wa Kiislamu, mnene, mcheshi, anayeweza kumchekesha hata bwana harusi aliyenuna. Gloria alikaa chumba cha nyuma na kompyuta. Hakupiga picha hata siku moja, yeye alizitengeneza. Alijua kwamba ukiikata picha ndogo ukaikuza kwa pupa, uso unageuka vimiraba vitupu kama sakafu ya vigae. Kwa hiyo aliikuza kidogo kidogo, huku akilainisha shavu na kuchora upya kope moja moja, na ikibidi alimvalisha marehemu koti la suti ambalo enzi za uhai wake hakuwahi hata kuligusa. Ndugu walikuja, wakaitazama, wakalia, wakasema ni yeye kabisa.

Sifa zake zilifika mpaka Bunda. Huko kulikuwa na kaka mmoja, Abdulkadiri, mwenye kistudio kidogo jirani na stendi, na mashine yake ilichapa picha za pasipoti tu. Kazi zote kubwa alizituma Musoma kwa simu, na zikikamilika zilipakiwa kwenye basi. Walifanya kazi hivyo miaka mitatu bila kuonana uso kwa uso hata mara moja. Alimwita Dada Fundi, na jina lake halisi hakuwahi kuliuliza.

Jumatano moja ya mwezi wa tisa, saa nne asubuhi, oda ikaingia. Abdulkadiri alikuwa ametuma sauti, ya haraka kama kawaida yake. Alisema ni picha ya msiba, saizi ya A2, fremu nyeusi, inatakiwa Ijumaa. Ni mke wa mteja wake. Picha ilikuwa ya watu wawili, lakini mteja mwenyewe ameshaikata kwa simu na kumbakiza mama peke yake. Kuna mkono wa mtu umebaki pale begani, huo uondolewe.

Gloria akaifungua ile picha, akajiona.

Kwanza alidhani amekosea kubonyeza, amefungua faili lake mwenyewe. Akaifunga, akaifungua tena. Alikuwa ni yeye. Gauni lake la kitenge cha kijani, hereni zake, mdomo umefunguka kidogo katikati ya kicheko. Picha ilikuwa imefifia kwa kupita kwenye simu nyingi, lakini mtu hajisahau. Na begani kwake, upande wa kushoto, ulikuwepo mkono wa mwanaume uliokatwa kwenye kifundo, una pete ya ndoa na ukucha wa dole gumba uliopasuka katikati. Mkono ule aliufahamu. Pete ile aliivisha yeye mwenyewe, mbele ya madhabahu, mwaka 2014.

Mtu akipenda hujitafutia visingizio, na Gloria naye alivitafuta. Labda simu ya Eliud imeibiwa. Labda kuna mganga tapeli anakusanya nyuso za watu. Labda ni utani wa wafanyabiashara wa Bunda, watu wasio na kazi. Akampigia Abdulkadiri, na kwa sauti ya kazini kabisa akamuuliza mteja anaitwa nani, ili aandike kwenye kitabu.

"Bwana Eliud," Abdulkadiri akajibu. "Ana duka la dawa za mifugo hapa karibu na stendi. Mtu wa watu sana. Amefiwa na mke miaka minne sasa, maskini, alikuwaga hataki hata kusikia habari za kuoa."

Akaendelea bila kuulizwa, kwa sababu Abdulkadiri akianza huwa haishii njiani. Bwana Eliud amepata binti huko Butiama anaitwa Rhobi, wa familia ya watu wa kanisa wasio na mchezo. Jumamosi anakwenda kujitambulisha rasmi. Sasa mama wa binti amesema kwao hawana desturi ya kumwingiza mtoto katika nyumba iliyokuwa na mwenyewe, hivi hivi tu. Picha ya marehemu iletwe, iwekwe mezani, wamwombee, na binti amsalimie na kumpa taarifa kwamba anakuja. Bwana Eliud alisitasita kidogo, lakini utafanyaje, ukweni ni ukweni.

"Mpendezeshe, Dada Fundi," akamalizia. "Amesema alikuwa mwanamke mzuri."

Gloria akasema sawa.

Eliud alikuwa mume wake wa miaka kumi na moja. Waliishi Bweri, nyumba ya vyumba vitatu. Kwa sababu ya duka na minada ya ng'ombe, Eliud alilala Bunda siku tatu au nne kwa wiki, na Gloria hakuwahi kumfuatilia. Majirani walipomtania kwamba mwanaume wa kwenye minada ana makwao mengi, alicheka nao. Sasa alikaa mbele ya kompyuta akipiga hesabu nyepesi ambayo hata mtoto angeiweza. Kumtaliki, kanisa lisingemfungisha ndoa nyingine. Kuoa mke wa pili, wale watu wa Butiama wasingemtoa binti yao. Basi Eliud akaona njia fupi ni kumzika.

Na angeweza kuchukua sura ya mwanamke yeyote. Simu za watu zimejaa nyuso. Lakini alichukua ya mkewe. Labda aliona aibu kumuua mtu asiyemjua.

Mchana, maneno ya kuandika chini ya picha yakaja kwa meseji. Yalikuwa mistari mitatu. Kwa kumbukumbu ya mpendwa Gloria. Alizaliwa tarehe 3 Machi 1988. Alifariki tarehe 17 Agosti 2021.

Gloria aliisoma ile tarehe mara mbili.

Tarehe 17 Agosti 2021 alikuwa hospitali. Mimba ya miezi saba ilitoka mtoto akiwa ameshafariki, damu haikukatika, na ili apone ikabidi madaktari wamtoe kizazi. Alipozinduka alimkuta Eliud kando ya kitanda, amemshika vidole, macho yamemvimba. Eliud akamwambia Mungu amembakizia yeye, na inatosha. Sentensi hiyo ndiyo aliyoishi nayo miaka minne. Kila alipokutana na mwanamke amebeba mtoto mgongoni, aliikumbuka, akapita. Mama mkwe alipomnunia, aliikumbuka, akanyamaza. Kumbe wakati yeye anaishi kwa maneno yale, aliyeyasema alikuwa ameshamfunika udongo. Kusema mkewe amekufa ulikuwa uongo. Tarehe haikuwa uongo. Kwa Eliud, siku ile kitandani alilala maiti, na tangu hapo alikuwa anarudi Bweri kula ugali kwa mzimu.

Shamsia alimkuta amekaa hivyo, mikono mapajani. Alitazama kioo cha kompyuta, akasoma meseji, akavuta kiti. Alipoelewa, alikuwa wa kwanza kulia, kisha wa kwanza kukasirika. Akasema wafunge studio waende Bunda sasa hivi, wamkute dukani kwake mbele ya wateja, wamvue nguo mchana kweupe. Gloria akakataa. Alisema Jumamosi haijafika. Eliud atarudi nyumbani Alhamisi jioni, na kabla ya safari huenda akasema mwenyewe. Hakutaka kingine. Alitaka Eliud aseme kwa mdomo wake kwamba yeye Gloria yu hai na ni mke wake. Akilisema hilo, hata kama ni kwa aibu, hata kama ni kwa kumfukuza, angejua la kufanya na maisha yake.

"Na asiposema?" Shamsia akauliza.

Gloria alivuta kipanya akaanza kazi, kwa sababu oda ilikuwa ya Ijumaa.

Aliikata picha upya ikae wima. Akaikuza kwa hatua ndogo ndogo, mara nane, na kila hatua akasimama kurekebisha palipopasuka. Akamtengeneza huyo mama macho, akampunguzia weusi chini ya kope. Kisha akaufikia mkono. Mkono ukiwa begani mwa mtu hauondolewi kwa kuupaka tu. Inabidi uchukue kitenge cha upande mwingine, ukinakili, ukilaze juu yake, ulinganishe maua na mikunjo. Alifuta kidole kimoja kimoja. Pete aliiacha mwisho. Ilipoondoka, bega lilibaki safi kabisa, kana kwamba halijawahi kushikwa na mtu, na Gloria akahifadhi faili.

Sampuli ikatumwa Bunda jioni ile ile, maana ndiyo utaratibu: mteja aione kwenye simu kwanza, akubali, ndipo ichapwe. Jibu lilirudi baada ya dakika kumi. Mteja amefurahi mno, amesema ni kama anamtazama. Ana ombi moja tu. Marehemu apunguzwe tabasamu kidogo, anaonekana kama mtu mwenye raha.

Akampunguza tabasamu.

Alhamisi jioni Eliud alifika na fungu la samaki wabichi aina ya furu alilonunua njiani, akamkabidhi mkewe mlangoni na kumuuliza habari za kutwa. Alikuwa mchangamfu. Gloria aliwakaanga, akasonga ugali, wakala. Kidole cha Eliud hakikuwa na pete. Tangu mwezi wa sita alikuwa amesema dawa za kuogeshea ng'ombe zinaiharibu. Alieleza kwamba Jumamosi ana semina Butiama, mambo ya majosho, huenda akalala huko. Akaomba apigiwe pasi shati jeupe na ile suruali nyeusi ya kanisani.

"Huko kwenye semina zenu," Gloria akasema, "wakikuuliza habari za mkeo, huwaga unawaambia nini?"

Eliud akacheka, akachovya tonge. "Nawaambiaga yupo. Yupo Musoma, anapiga picha."

"Mimi sipigi picha, Eliud."

"Si unafanya kazi studio?"

"Nazitengeneza. Nakata, nakuza. Hata za Bunda naletewa mimi."

Alimwekea nafasi hiyo mezani, wazi kama sahani. Mtu mwingine tonge lingemkwama. Lakini Eliud hakuwa anasikiliza. Hajawahi kusikiliza habari ya chumba kile cha nyuma kwa miaka tisa yote, na hakuona sababu ya kuanza siku ile. Akasema haya bwana, kazi ni kazi, akaomba maji ya kunawa. Laiti angekuwa na desturi ya kumuuliza mkewe leo umeshindaje na akangoja jibu, angejua kwamba kukimbilia Bunda ili kukwepa studio za Musoma ilikuwa ni kuileta picha moja kwa moja mezani kwa mwenyewe. Wajanja wengi huponzwa na ujanja wa mtu mwingine. Eliud aliponzwa na kutomjua mwanamke anayelala naye.

Asubuhi ya Ijumaa Gloria alipiga pasi shati, akalikunja, akaliweka kwenye begi. Alimsindikiza mpaka kizingitini.

"Eliud. Huna neno la kuniambia kabla hujaondoka?"

"Neno gani?"

"Lolote."

Eliud akafikiri. Alifikiri kweli, maana alikunja uso. Kisha akasema amwite fundi aje kulitazama bomba la uani, linavuja. Akaondoka.

Gloria aliposhika njia kwenda Mukendo hakuwa analia. Alikuwa na hasira nzito, ya baridi, aina ambayo humfanya mtu afanye kazi yake vizuri sana. Alipofika alichomeka diski ya kumbukumbu, ile kubwa wanayohifadhia picha zote za harusi kama zilivyotoka kwenye kamera, na akatafuta harusi ya Najat, mdogo wake Shamsia. Alishajua tangu Jumatano kwamba picha ilitoka huko. Ile ya kwenye simu ya Eliud ilikuwa nakala iliyobanwa na kupunguzwa mara kadhaa. Ya asili ilikuwa hapa, pana, nzito, haijapunguzwa hata kidogo.

Akaifungua yote.

Kando yake alisimama Eliud, suti ya bluu, meno yote nje, mkono wake umemzunguka mkewe begani. Walikuwa wanacheka kitu ambacho Shamsia aliwaambia kabla ya kubonyeza kamera. Na nyuma yao, kwenye kitambaa cheupe kilichotundikwa ukutani, yalisomeka maneno makubwa ya rangi ya dhahabu: Harusi ya Najat na Twalha, 12 Oktoba 2024. Kidole cha Eliud kilipoikata picha kwenye simu kilimwondoa Eliud, kikaondoa na kitambaa. Kilichobaki ni uso wa mwanamke usio na mahali wala mwaka, na uso wa namna hiyo unaweza kuambiwa umekufa siku yoyote.

Gloria hakuikata. Hakulainisha shavu la mtu wala kupunguza tabasamu la mtu. Aliiweka yote kwenye saizi ya A2, akaacha nafasi chini, na hapo akayaandika maneno ya mteja kama yalivyoagizwa, herufi kwa herufi. Kwa kumbukumbu ya mpendwa Gloria. Alizaliwa tarehe 3 Machi 1988. Alifariki tarehe 17 Agosti 2021.

Shamsia alisimama nyuma yake akasoma.

"Hii siyo sampuli aliyoikubali mteja," akasema.

"Siyo."

"Na hujawahi kumpa mteja kitu tofauti na sampuli."

"Sijawahi."

Shamsia akachukua flashi, akaenda mwenyewe kwenye mashine ya kuchapa.

Sasa picha ya msiba ina namna yake ya kusafiri. Haipiti mikononi mwa watu ikiwa wazi. Katika studio ya Shamsia hufungwa uso kwa ndani, kwanza karatasi, halafu kitambaa cheupe kinachoshonwa kwa sindano na uzi, na ikishashonwa hakuna anayeifungua mpaka ifike inakohusika. Atakayekata uzi ni mwenye msiba au mkubwa wa nyumba ile. Abdulkadiri alikuwa mkali kwa jambo hilo kuliko hata wao, tangu siku mteja mmoja alipofungua pale pale stendi na mama yake akazimia. Hakuna mfiwa aliyebishana nalo, na Eliud angebishana nalo vipi? Sampuli alishaiona, akaipenda. Na mtu anayejifanya mfiwa inambidi ashike masharti ya wafiwa kuliko wafiwa wenyewe.

Gloria aliishona kwa mkono wake. Ijumaa saa nane ikapanda basi. Saa kumi na moja Abdulkadiri akatuma meseji kwamba mteja ameichukua, ameibeba kwa mikono miwili kama mtoto, mpaka imempa huruma.

Jumamosi Gloria alikwenda kazini. Wanafunzi walikuja kupiga pasipoti za fomu zao, na yeye akazikata zote kwa kipimo, mabega sawa, masikio yote mawili yanaonekana. Shamsia alikuwa anaingia na kutoka chumba cha nyuma bila sababu. Saa saba na robo simu ya kazini ikaita, namba ngeni. Namba ya studio huwa imebandikwa nyuma ya kila fremu.

"Haloo. Wewe ndiye fundi wa hizi picha?" Ilikuwa sauti ya mama mtu mzima, mzito wa maneno.

"Ndiye mimi. Shikamoo mama."

"Marahaba. Mimi naitwa Marieta, niko huku Butiama, nina binti yangu anachumbiwa leo. Tumeletewa picha yako, nimeifungua mimi. Sasa tulitegemea mtu mmoja, tunaona wawili, na mmoja ni huyu mgeni wetu. Halafu nyuma yao pameandikwa harusi ya mwaka jana. Chini pameandikwa mama wa watu amefariki miaka minne iliyopita. Tumekaa hapa tunaangaliana tu. Mgeni anasema ninyi ndiyo mmekosea. Mmekosea?"

"Hatujakosea, mama. Picha ni hiyo."

"Huyu mwanamke unamfahamu?"

"Ndiye mimi."

Kule kwenye simu ng'ombe alilia mahali, na mtu akaweka kikombe chini. Mama Marieta hakupiga kelele wala hakumwita Mungu. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa imeshuka.

"Unaitwa nani, mwanangu?"

"Gloria. Ni mke wa Eliud. Tunaishi Bweri, jana asubuhi nimempigia pasi hilo shati alilovaa."

"Usikate simu," Mama Marieta akasema. "Ngoja niiweke sauti, watu wote hapa wasikie."

Mlio wa simu ukabadilika, chumba kizima cha Butiama kikaingia sikioni mwa Gloria, kikohozi cha mzee, kiti kinachosogezwa, mtu anayemnyamazisha mwenziwe. Shamsia alikuwa ameshafika mlangoni. Kisha akasikia Mama Marieta akiuliza, taratibu, "Eliud, umesikia mwenyewe. Huyu anayeongea ni nani?"

Nikikwambia kwamba hata hapo Gloria alikuwa bado anamtumaini, utamwona mjinga. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Picha aliishona yeye, mtego aliutega yeye, na bado alishika ukingo wa meza akimwombea aseme. Yalibaki maneno manne tu, huyo ni mke wangu. Uongo mwingine wote ulikuwa umeshaisha. Pale mezani palikuwa na uso wake na wa mkewe, ukubwa wa A2. Mtu akifika hapo hana pengine pa kwenda isipokuwa kwenye ukweli.

Sauti ya Eliud ikaja. Ilikuwa ya upole, ile ya dukani anayowauzia wazee dawa ya minyoo ya ndama.

"Mama, msishtuke. Huyo ni pacha wake marehemu. Wanafananaga sana, mpaka sauti. Tangu msiba hayuko sawa kichwani, anajiitaga jina la mwenzake. Nilikuwa sitaki kuwaambia, ni mambo ya kifamilia."

Shamsia akaziba mdomo kwa mtandio. Kule Butiama mtu akaguna. Gloria alihisi kitu kikimshuka kutoka kifuani mpaka miguuni, na hakikuwa hasira tena. Jumatano mume wake alimuua kwa maandishi, bila kumtazama. Leo amemsikia akipumua, amemsikia akitaja nyumba yao, na amemuua tena mbele ya watu, kwa sauti ya kumhurumia.

"Sawa," Mama Marieta akasema. Alisema kama mtu mwenye subira kubwa. "Basi huyu pacha, jina lake mwenyewe anaitwa nani?"

Swali lilikuwa jepesi. Shemeji yako wa miaka kumi na moja hushindwi kumtaja jina. Gloria alimsikia Eliud akivuta pumzi, akaanza neno, akaliacha. Akaanza jingine. Gloria angeweza kusema kitu, simu ilikuwa wazi na watu wote walikuwa wanasikia, lakini hakusema. Aliibana simu sikioni na, pamoja na wale watu wa Butiama asiowajua, akangoja asikie mume wake atampa jina gani.